Jinsi ya kuendesha baiskeli ya milimani kwenye migongo ya milima na barabara za zamani

Ukipanga safari ya huko juu usiangalie kilomita peke yake, kilomita 30 za mgongoni zinaweza kukumaliza kuliko 60 za tambarare, maana ule mgongo ukiutazama toka bondeni unaona umenyooka kumbe unapanda unashuka unapanda tena, na hivyo vipando vidogo ndo vinakula miguu. Chukua ramani yenye kontua (mistari inayoonyesha urefu wa milima) au programu ya simu inayoonyesha mwinuko, jumlisha mita zote za kupanda, hapo sasa ndo upange masaa.

Maji beba ya kutosha, hili nalisisitiza sana. Maji yote yanakimbilia bondeni, mgongoni hutakuta kijito. Hesabu nusu lita kwa saa, jua likiwaka peleka hadi lita nzima.

Kama kuna barabara ya zamani na pia kuna kinjia chembamba, pandia barabara, shukia kinjia. Barabara nyingi za zamani zilichongwa kwa mikokoteni na magari yasiyo na nguvu ndo maana zinazunguka zunguka na hazina mwinuko mkali, miguu inashukuru. Shida ni zile zilizoachwa, mitaro imeziba, maji yamepita katikati yakachimba makorongo. Tairi la mbele likitumbukia kwenye mfereji wa hivyo usivute usukani kwa nguvu utaanguka palepale, acha liende nao, macho yako yaangalie mfereji unapoishia, litatoka lenyewe. Ukitaka kuuvuka, uvuke kwa kuukata, usiuvizie kwa ubavu.

Upepo wa tairi: watu wanajaza mpaka linagonga gonga kila kokoto. Ukiwa na tyubu anza na PSI 28 hivi (PSI ni kipimo cha upepo kwenye pampu), kama wewe mzito ongeza, ila usitoke nje ya namba zilizoandikwa ubavuni mwa tairi. Ukishusha mno utapata pancha ya matundu mawili pembeni pembeni kama umeng'atwa na nyoka, hiyo ni rimu imebana tyubu kwenye jiwe.

Kupanda, badilisha gia mapema kabla mlima haujakubana, cheni ikishapata mzigo inalia na inaweza kukatika. Kaa mbele ya siti, shusha kifua, tulia na pumzi yako. Ukisimama kwenye changarawe tairi la nyuma linateleza tu.

Kushuka ni kinyume, shusha siti, simama pedeli zote mbili ziwe usawa mmoja, viwiko na magoti vikunje, kidole kimoja kiwe kwenye breki muda wote. Mwendo unapunguzwa kabla ya kona, sio ndani ya kona. Breki ya mbele ndo yenye nguvu kwa hiyo usiiogope, ila ibane polepole na tairi likiwa limenyooka. Mteremko mrefu bana uachie bana uachie, ukiishikilia mfululizo inapata moto na inapoteza nguvu.

Na mandhari jamani, ndo tumeifuata, lakini ukitaka kuitazama simama kabisa, weka mguu chini. Baiskeli inaenda macho yanapoenda, ukikodolea bonde utaelekea bondeni.

Vifaa sio vingi: tyubu ya akiba, viraka na solusheni, pampu, kitoa tairi, spana ndogo za funguo, kiungo cha cheni. Helmeti haina mjadala. Jaketi jepesi pia, kila mita 1000 ukipanda joto linapungua kama nyuzi 6, na jasho likikutana na upepo wa mgongoni utatetemeka.

Upepo wa ubavuni ukiwa mkali shusha mwili na usiendeshe karibu na ukingo. Ukisikia ngurumo hata kwa mbali usisubiri mvua, shuka mgongoni haraka kwa upande wowote ulio salama, achana na miti iliyosimama peke yake, na usirudi juu mpaka zipite dakika 30 toka ngurumo ya mwisho.