Jinsi ya kusoma msitu unapotafuta kiota cha ndege mbuai

Ukiingia msituni kutafuta kiota cha tai au kozi (ndege mbuai wa msituni, mdogo kuliko tai), usianze kwa kutazama juu. Angalia kwanza nafasi iliyo chini ya matawi. Ndege hawa hurudi kiotani wakipita kati ya mashina, mara nyingi wamebeba mawindo, hivyo huhitaji njia: miti mikubwa iliyoachana, vichaka vichache, na karibu yake kijito, kijia au uwazi ulioachwa na mti ulioanguka. Kipanga mdogo ni tofauti. Huyo mtafute kwenye miti michanga iliyosongamana.

Njia ikiwepo, tafuta panda, yaani mahali matawi yanapoachana na shina. Inayofaa ina matawi 3 au zaidi yaliyochipuka pamoja shinani, au matawi manene yaliyolala karibu na shina. Panda ya matawi 2 yaliyotanuka huachia vijiti viteleze, na kiota huporomoka upepo ukivuma. Kozi hujenga sehemu ya chini ya majani, si kileleni, ili paa la majani limfiche na kumkinga na jua na mvua. Harpia, tai mkubwa wa Amerika ya Kusini, hufanya kinyume: hushika panda kuu ya mti unaochomoza juu ya msitu wote.

Umekiona kiota? Chunguza kama kinatumika. Vijiti vipya vina ncha nyeupe palipovunjwa, ukingoni huwekwa vitawi vya majani mabichi, na unyoya laini hunasa pembeni. Usikihukumu kwa kinyesi pekee: wakati wa kuatamia ardhi chini huwa karibu safi, madoa meupe huzidi makinda wakikua. Pekua pia visiki na magogo ya karibu. Hapo mawindo hunyonyolewa.

Kosa kubwa ni kudhani kiota kitupu kimetelekezwa. Kozi huwa na viota kadhaa katika eneo lake na huweza kurudi kwenye cha zamani. Weka alama kwenye vyote, na usiulinde mti mmoja tu: ukikata majirani zake, kivuli hupotea na ndege huhama ingawa mti wake umesimama.

Fanya ukaguzi wa karibu nje ya msimu wa kuzaliana. Kozi huatamia takriban siku 35 hadi 38. Jike akiinuka mayai hupoa na kunguru huyaiba. Akianza kupiga kelele mfululizo, ondoka mara moja, kisha utazame kwa darubini kutoka mbali.