Ukicheki faini za gari, tafuta mara mbili

Hii nimeijua juzi wakati natafuta gari ya mkononi: usiishie kucheki faini za trafiki mtandaoni kwa namba ya gari tu, tafuta tena kwa namba ya leseni, maana kamera inasoma pleti namba haimjui dereva, lakini ile uliyoandikiwa na trafiki kashika leseni yako mkononi inaweza ikakaa kwenye rekodi yako wewe, kwa hiyo gari linaonekana safi kumbe wewe ndo unadaiwa, na ukicheki leseni tu unaweza ukauziwa gari lenye deni la mtu. Cheki kabla hujatoa hela. Ukishalipa rudi baada ya siku mbili tatu uone kama imesoma imelipwa, piga skrinshoti, na risiti zile za karatasi laini zipige picha siku hiyohiyo, zikikaa juani kwenye dashibodi maandishi yanafutika kabisa. Kutafuta hivi hakusaidii kama faini ni mpya bado haijaingia kwenye mfumo, au aliyeandika alikosea, O ikawa 0, B ikawa 8, hapo tafuta kwa namba iliyo kwenye karatasi yenyewe ya faini.