Somo: Kupima "that" inayotamkwa na inayoachwa katika Kiingereza cha mazungumzo

"I think that he left" na "I think he left" zina maana moja. Tunachotafuta ni kinachomvuta msemaji upande mmoja.

Anza kwa kuhesabu nafasi, yaani pale "that" inapoweza kutamkwa au kuachwa. Ukiitafuta "that" kwa kompyuta utapata zilizotamkwa tu, zilizoachwa hazitafutiki. Kwa hiyo tafuta vitenzi (think, say, know, tell na maumbo yake yote), kisha soma kila mstari kwa macho. Toa pale msemaji asipokuwa na hiari: "that man", au "He left, I think". Kazi hii inachosha kuliko takwimu zenyewe, na ndipo tasnifu nyingi huharibika.

Jedwali: tukio moja, mstari mmoja. Safu ni msemaji, kitenzi, nafsi ya kiima, kati (kilichopo kati ya kitenzi na kishazi), jinsi (mwanamke au mwanamume), na that (1 ikitamkwa, 0 ikiachwa). Angalia herufi: kwa R (programu ya takwimu tunayotumia), "Think" na "think" ni vitenzi viwili.

Pakia lme4 (kifurushi cha R), halafu:

glmer(that ~ nafsi + kati + jinsi + (1|msemaji) + (1|kitenzi), data=d, family=binomial)

Usiyaache mabano yale, (1|msemaji) na (1|kitenzi): yanaiambia modeli kwamba mistari ya msemaji mmoja, au ya kitenzi kimoja, inahusiana. Bila hayo, mtu mmoja mwenye maneno mengi anahesabiwa kama umati. Goldvarb, programu ya zamani ya kazi kama hii, haina nafasi ya mabano hayo, ndiyo maana umri na jinsi hujitokeza humo kwa nguvu zisizo zao.

Ukipata kigawo (namba ya athari katika matokeo) cha 0.69, usisome asilimia 69. Andika exp(0.69): uwiano wa kutamka kwa kuacha umezidishwa karibu mara 2.

Maswali

*Kondoa:* Shikamoo mwalimu. Nina sentensi 900 za wanafunzi 8, lakini jinsi haioneshi kitu.

Marahaba. Kwa jinsi, sampuli yako ni 8, si 900. Ongeza watu, si saa za kurekodi.

*Kongwa:* Kundi moja la "kati" limetoa 18.4, na kosa sanifu (kipimo cha kutokuwa na uhakika) linapita 2,000!

Andika table(d$kati, d$that). Utakuta sifuri: kundi hilo lote lina "that". Liunganishe na kundi linalofanana nalo, au litoe na useme umelitoa.

*Dodoma mjini:* Wasemaji wangu wanachanganya: "I think kwamba he left." Niweke 1?

Hapana. Hiyo ni sura ya tatu, na binomial inapokea mbili tu. Itoe kwenye modeli, lakini taja zilikuwa ngapi na zimetoka kwa nani.