Kabla Hujaanza Tiba ya Sumaku kwa Sonona

Anza na kalenda, bei baadaye. Tiba ya kusisimua ubongo kwa sumaku, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2008 kwa sonona iliyogoma kusikia dawa, haina kisu wala nusukaputi. Unakaa kitini ukiwa macho, koili, yaani kifaa cha nyaya kinachotoa sumaku, inawekwa kichwani upande wa kushoto mbele, ukimaliza unaendesha gari kurudi kwako. Kinachowashinda watu ni kwenda siku tano kwa wiki, wiki nne hadi sita. Ruhusa ya kazini na mtu wa kubaki na watoto vitafutwe mapema. Uliza pia kikao ni kirefu kiasi gani: utaratibu wa zamani huzidi nusu saa, lakini upo wa dakika tatu, na utafiti uliochapishwa mwaka 2018 uliona hauzidiwi na ule mrefu.

Ukihojiwa kuhusu chuma, usifiche kitu. Kipandikizi cha sikio, klipu ya mshipa wa ubongo au kipande cha risasi kichwani vinaweza kukufungia mlango. Kifaa cha kusaidia mapigo ya moyo nacho kitajwe. Meno yaliyozibwa kwa kawaida hayana neno.

Degedege kutokana na tiba hii ni nadra, chini ya mgonjwa mmoja kati ya 1,000. Hata hivyo sema kama una historia ya kifafa, uliwahi kuumia kichwa, unakunywa pombe, au unatumia bupropioni, dawa mojawapo ya sonona. Usiache ghafla vidonge vya kutuliza kama diazepamu, wala usije kikaoni umekesha. Dawa za sonona ziendelee mpaka daktari aseme vingine.

Halafu nywele, ambazo kwa akina dada si jambo dogo hata kidogo. Nguvu ya sumaku hupungua haraka koili ikiwa mbali na fuvu, hivyo wigi, wivingi nene au rasta zilizofungwa juu huipunguzia kazi. Mistari myembamba iliyolala inafaa zaidi, bila vibanio vya chuma. Siku ya kwanza mtaalamu hupima nguvu inayokufaa kwa kuangalia kidole gumba kikishtuka. Ukisuka upya katikati ya tiba, mwambie apime tena.

Mashine hugonga kama kigogota, kwa hiyo vizibo vya masikio ni lazima. Kichwa kinaweza kuuma wiki ya kwanza; uliza kabla ni dawa gani ya maumivu unaruhusiwa kumeza.