Kulala ufukweni na watoto wadogo: anza kwa kuhesabu mwezi

Demani ikiingia, kusi likishalegea na vuli haijaanza kumwaga, mimi na mume wangu hupakia hema, mkeka na watoto wawili kwenye kirikuu tukatoka Wete kwenda Makangale, kaskazini mwa kisiwa cha Pemba, kulala usiku mmoja ufukweni. Mkubwa ana miaka sita, mdogo mitatu. Majirani huuliza kama nyumbani kumeingia kunguni. Lakini Pemba kulala pwani si jambo geni. Wavuvi wetu wanakwenda dago, yaani kambi ya uvuvi ufukweni, tangu enzi za mababu, wanakaa siku kadhaa na chungu chao na dumu lao la maji. Tofauti ni kwamba mvuvi wa dago haombi kupelekwa chooni saa nane za usiku huku amekushika kanga kwa kuogopa giza.

Jambo la kwanza ni kuchagua siku, na hapo ndipo sisi tulipokosea. Mara ya kwanza tulitaka mwezi mpevu kwa uzuri wake. Tulifika isha imeshaadhiniwa, maji yamekwenda mbali, mchanga mweupe umetandaa, tukapiga hema palipo tambarare zaidi. Saa kumi kasoro alfajiri nikasikia mtu anaita kutoka dago la jirani: "Nyie wa hemani! Maji hayo!" Nilipoteremsha mguu nikakuta upande mmoja wa godoro unaelea. Mdogo bado yumo usingizini, mkono wake umo majini, hana habari. Tukatoa watoto kwanza, hema baadaye, na sufuria moja hatukuiona tena. Yule mzee hakutucheka. Alimwambia tu mume wangu, "Baba, mwezi kumi na nne mtu halali chini ya mstari."

Ndiyo hesabu yenyewe. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, bahari huwa ya bamvu: hupanda na kushuka hata kufikia mita 4, na kwetu hujaa mnamo saa kumi, ya alasiri na ya alfajiri. Anayefika usiku huona maji yanatoka, akadhani pwani yote ni yake. Siku hizi sisi tunakwenda siku ya nane au ya tisa tangu mwezi kuandama, wakati wa maji mafu. Bahari haipandi sana wala haishuki sana, na mwezi unapofika magharibi uko karibu na utosi, unawaangazia watoto mpaka walale, kisha unatua mnamo saa sita za usiku. Alasiri maji yanakuwa yametoka kidogo, wanachezea vidimbwi. Asubuhi saa nne au saa tano yamejaa, wanaoga karibu bila kuyafuata mbali. Kalenda ya mwezi ya ukutani inatosha kupanga yote hayo.

Ukifika, na ufike kabla ya alasiri kwisha, tafuta mstari. Ni ule msururu wa majani ya bahari, vifuu na vijiti ambao maji yameuacha juu. Usidanganywe na wa leo ulio mbichi. Panda mpaka uukute ule mkavu, mweusi, unaovunjika ukiukanyaga, halafu panda tena hatua kumi. Angalia na juu ya kichwa: chini ya mnazi hapalali mtoto, hata kivuli kiwe kizuri vipi. Nazi haipigi hodi.

Upande nao una maana. Ufukwe wa Vumawimbi, ng'ambo ya mashariki ya rasi ya Kigomasha, jina lake linajieleza. Kusi likiwa bado lina nguvu kidogo hema linapigwa usiku kucha na hakuna anayelala. Ng'ambo ya magharibi, ya kuelekea Verani, kumetulia, na watoto wanaliona jua likitumbukia baharini. Njia yenyewe inapita ndani ya msitu wa Ngezi, kwa hiyo hesabu na kituo cha getini. Na usipige hema kabla ya kwenda kwa sheha, kiongozi wa serikali wa eneo. Si urasimu. Sheha akijua mpo, kijiji kizima kinajua mpo, na usiku mtoto akipandisha homa una mlango wa kugonga.

Kabla ya yote hayo, lala uwani kwako. Sisi tulifanya hivyo wiki moja kabla, na mdogo saa sita za usiku akasema, "Mama, twende nyumbani." Nyumbani kulikuwa hatua nane. Tukamwingiza, asubuhi akajikuta kitandani, jioni yake akataka mwenyewe kurudi hemani. Jambo hilo lingetokea Makangale ningelala nimembeba begani. Uwani vilevile ndipo tulipogundua kwamba chandarua cha hema kina tundu la kupita kidole.

Mizigo, kwa kweli, haiwi mingi. Maji dumu moja la lita 20 yanatutosha wanne kunywa, kupika na kunawa kwa usiku mmoja na asubuhi yake. Udhu tunatia kwa maji ya bahari. Poti ya mdogo iende, hata kama nyumbani ameshaiacha, na mpira wa kutandika chini ya shuka. Tochi kila mtu yake, kwa sababu mtoto mwenye tochi yake haogopi kama asiye nayo. Filimbi moja shingoni kwa mkubwa, na amri moja: unapiga ukiwa huoni hema.

Chakula nisikudanganye, sipiki sana. Nachukua mkate wa kumimina na mayai ya kuchemsha kutoka nyumbani, muhogo tunauchoma pale pale, na samaki tukibahatika kwa watu wa dago. Siku niliyojitia kupika wali wa nazi mchanga uliingia sufuriani.

Magharibi ndiyo saa yenye kazi na yenye starehe pia. Usubi na mbu hutoka wakati huo, hasa ukiwa karibu na mikoko, basi kaa mbali nayo, wavishe watoto mikono mirefu, na ufukize makumbi ya nazi upande upepo unakotoka. Mafuta ya makonyo, yale ya vikonyo vya karafuu, usimpake mtoto mdogo, yanaunguza ngozi. Kisha waambie watazame juu. Popo wetu wakubwa, ambao duniani hawapatikani ila Pemba, hutoka saa hiyo kwenda kula matunda, na mbawa zao zikitanuliwa hupita mita moja na nusu. Mwishoni mwa miaka ya 1980 walikuwa wamebaki mamia tu. Sasa wapo kwa maelfu baada ya wanavijiji wenyewe kuwalinda. Mkubwa wangu huwahesabu mpaka ishirini na sita, kisha anaanza tena kumi na moja.

Usiku komba watalia, na komba analia kama mtoto mchanga aliyepotea. Waambie mapema, mchana, mlio huo ni wa nani. Hadithi za popobawa, yule jini wa usiku, ziacheni Wete. Mjomba mtu alizisimulia mara moja, na mimi ndiye niliyekesha.

Asubuhi, kabla ya kuoga, viatu vya plastiki vya kufunga miguuni kila mtu, kwani kwenye mawe kuna wale wadudu wa miiba mirefu myeusi, na mwiba wao hukatikia ndani ya unyayo. Mtu mzima mmoja akae majini na watoto, si ufukweni na simu. Shimo la choo lifukiwe, taka zirudi na kirikuu.

Hema usilikunje na umande. La kwetu tulilikunja hivyo mwaka wa kwanza, tukalifungua baada ya miezi mitatu likiwa na ukungu na harufu ya ngisi. Sasa nikifika tu nalianika kwenye kamba ya nguo, nalikung'uta mchanga, na mdogo anaingia ndani yake likiwa linaning'inia, akidai ndiyo bado tuko Makangale.