Usisubiri shahada ndipo uguse jalada: hatua za mwanafunzi wa sheria Tanzania

Wanafunzi wengi husubiri mpaka wafike Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo ndipo waanze kujiuliza hati ya madai, ile ya kufungulia kesi, inaandikwaje. Wanaokuja fildi ofisini kwangu huwa nawaelekeza hivi.

1. Anzia Mahakama ya Mwanzo. Kiswahili ndiyo lugha yake, na mashauri mengi husikilizwa hadharani. Vaa nadhifu, zima simu, kaa nyuma. Andika nani anadai nini, shahidi kaulizwa nini kwenye maswali ya dodoso (ya upande wa pili), na shauri limeahirishwa kwa nini. Usiidharau hiyo ya mwisho: wito haujamfikia mdaiwa, shahidi hakuja, jalada halionekani masijala. Hayo darasani hayafundishwi, na ndiyo yatakayokula muda wako ukiwa wakili.

2. Ingia TanzLII, tovuti ya hukumu na sheria za Tanzania, hukumu zipo bure. Chukua moja ya Mahakama ya Rufani, soma hoja za pande zote, ishia hapo. Andika uamuzi wako kwanza, kisha linganisha.

3. Jitolee kwenye msaada wa kisheria. Kama chuo chako hakina dawati, waandikie LHRC (Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu), TAWLA (Chama cha Wanasheria Wanawake Tanzania) au WLAC (Kituo cha Msaada wa Sheria kwa Wanawake). Zanzibar kuna Kituo cha Huduma za Sheria. Wiki ya Sheria, kuelekea Siku ya Sheria mwezi Februari, nayo ni nafasi nzuri.

Hapa ndipo kazi ilipo. Mama anakuja na mfuko wa rambo: risiti zilizofifia, karatasi ya mauziano ya kiwanja yenye muhuri wa serikali ya mtaa, barua ya shemeji. Usikimbilie kumtajia kifungu. Mwache amalize kusema, halafu panga karatasi kwa tarehe na uandike orodha: tarehe, tukio, uthibitisho. Kwa Tanzania Bara, madai ya mkataba yana ukomo wa kufunguliwa mahakamani wa miaka 6, ya kurejeshewa ardhi miaka 12, kwa hiyo tarehe moja uliyoiruka yaweza kuzamisha shauri zima. Orodha hiyo mpe wakili msimamizi. Ushauri atatoa yeye. Sheria ya Mawakili haimruhusu asiye wakili kujifanya wakili.

4. Omba fildi mapema, na barua ya utambulisho ya chuo iwe mkononi. Mimi ningechagua ofisi ndogo ya mawakili wawili watatu. Kwenye ofisi kubwa unaweza kumaliza fildi ukitoa kopi tu, japo jina lake litapendeza kwenye wasifu wako.

5. Omba kuandika, hata kama hujaombwa. Anza na barua ya madai, kisha kiapo cha maandishi. Mwambie wakili akusahihishe kwa kalamu nyekundu, na kesho yake asubuhi umpelekee rasimu ya pili. Majina ya wateja yabaki ofisini: usipige picha jalada, na usihadithie kesi kwenye grupu la WhatsApp la darasa.