Somo: Kuchagua njia ya uzazi wa mpango, hatua kwa hatua, kabla hujakaa kwenye benchi la kliniki

Dada zangu, na kaka mliomo humu kundini, karibuni. Leo naomba tukae chini kidogo.

Mimi ni nesi mkunga, na miaka yangu mingi nimeimalizia kwenye chumba cha uzazi wa mpango. Walionifundisha zaidi ni wale wanaorudi. Mama anakuja na kijiti cha uzazi wa mpango alichowekewa mkononi miezi miwili iliyopita: "Nesi, nitoe hiki kitu, kitaniua." Ukimkalisha na kumsikiliza, haumwi. Anatokwa na matone ya damu siku ya 20 sasa, na siku aliyowekewa hakuna aliyemwambia kwamba hilo linaweza kutokea. Jirani amemwambia ni saratani. Mume ameanza kununa. Tunakitoa, kwa sababu ni haki yake, na miezi mitatu baadaye namuona tena, safari hii kwenye foleni ya wajawazito, na mtoto wa mgongoni hajaanza hata kutembea.

Kwa hiyo nitasema ninachokiamini: njia nzuri kwako ni ile ambayo maudhi yake, yaani usumbufu inaoweza kuuleta mwilini, uliyajua kabla hujaianza, ukasema kwa kinywa chako mwenyewe, "haya nitayaweza." Ile ya shoga yako ni nguo ya kuazima.

Hatua ya 1: Jiulize ukiwa bado nyumbani

Unataka mtoto mwingine lini? Baada ya kujifungua salama, ushauri ni kukaa angalau miaka 2 kabla ya kubeba mimba nyingine. Mimba ikiharibika, angalau miezi 6. Anayetaka kupumzika mwaka mmoja na yule aliyemaliza kuzaa hawaendi kwenye njia moja.

Jiulize pia: nitakumbuka kidonge kila siku? Nakaa karibu na kituo au ni nusu siku kwa bodaboda? Kuna mtu nyumbani ambaye hapaswi kuona njia ninayotumia? Na huyu mwenzangu namuamini kiasi gani? Hilo la mwisho ni zito, maana kondomu peke yake ndiyo inayokinga mimba na magonjwa kwa pamoja. Kijiti hakizuii Ukimwi wala kisonono. Ukiwa na wasiwasi, tumia vyote viwili.

Hatua ya 2: Nenda siku yoyote

Hili linaniuma. Bado kuna wanaorudishwa nyumbani na kuambiwa "njoo ukiwa kwenye siku zako", na wengine wanapata mimba hapo hapo katikati ya kusubiri. Huhitaji kuwa kwenye hedhi. Tunachohitaji ni uhakika wa kutosha kwamba huna mimba. Kama huna dalili za mimba na jambo moja tu kati ya haya ni la kweli kwako, tunaweza kuanza siku hiyo hiyo:

- hedhi yako imeanza ndani ya siku 7 zilizopita
- hujakutana na mwanaume tangu hedhi ya mwisho
- umekuwa ukitumia njia ya kuaminika bila kuruka
- umejifungua chini ya wiki 4 zilizopita
- mimba imeharibika ndani ya siku 7 zilizopita
- mtoto hajafika miezi 6, ananyonya tu, na hedhi haijarudi

Kama hakuna hata moja, omba kipimo cha mimba, au upewe kondomu za kutumia huku ukisubiri. Usiondoke mikono mitupu.

Huduma hii kwenye vituo vya serikali hapa Tanzania hutolewa bure, kuanzia zahanati. Tafuta ile alama ya uzazi wa mpango, Nyota ya Kijani. Huhitaji ruhusa ya mume kuipata. Tunapenda mje wawili, lakini ukija peke yako utahudumiwa.

Hatua ya 3: Mwambie nesi kila kitu, hata asichokuuliza

Pimwa presha. Presha ikiwa 140/90 au zaidi, vidonge vya kawaida, vile vyenye homoni mbili, siyo vyako. Kadhalika ukivuta sigara na umefika miaka 35, ukiwa na kipandauso kinachotanguliwa na vimulimuli machoni, au kama umewahi kupata damu kuganda mguuni. Mama anayenyonyesha mtoto wa chini ya miezi 6 naye aviache hivyo, kuna vidonge vya homoni moja vilivyo salama kwake.

Taja dawa unazotumia: za TB, za kifafa, za VVU (ARV). Taja uvimbe wa titi. Taja damu inayokutoka bila sababu inayojulikana, kwa sababu hiyo inachunguzwa kwanza.

Hatua ya 4: Zijue njia, na uzijue kwa uaminifu

Nikitaja mimba hapa, namaanisha kati ya wanawake 100 wanaotumia njia hiyo kwa mwaka mmoja, kwa namna watu wanavyotumia kweli, pamoja na kusahau.

*Vijiti.* Huwekwa chini ya ngozi ya mkono wa juu, upande wa ndani, baada ya sindano ya ganzi. Implanon ni kijiti kimoja cha miaka 3, Jadelle ni viwili vya miaka 5. Hata mmoja kati ya 100 hapati mimba, ni kama mmoja kwenye 1,000. Hakitembei kwenda moyoni, kinakaa pale pale na ukipapasa unakisikia. Mama aliyejifungua leo anaweza kuwekewa leo.

*Kitanzi, au lupu.* Huwekwa ndani ya kizazi. Kile cha shaba hakina homoni kabisa, na kinafanya kazi miaka 10 au zaidi. Chini ya mmoja kati ya 100 hupata mimba. Kinaweza kuwekwa ndani ya saa 48 baada ya kujifungua, ukipitisha hapo unangoja wiki 4. Kwa mwenye presha, au aliyechoka na homoni, mimi hukitaja cha kwanza.

*Sindano.* Ya miezi mitatu, wengi wanaiita Depo. Kama wanne kati ya 100 hupata mimba, karibu wote kwa kuchelewa kurudi. Ni ya siri, haiachi alama. Lakini lijue hili mapema: ukiiacha, uzazi hurudi polepole kuliko njia nyingine, wengi huchukua miezi kama 9 au 10 tangu sindano ya mwisho kushika mimba. Anayetaka mtoto mwakani asiianze leo. Mama anayenyonyesha angoje mtoto afike wiki 6.

*Vidonge.* Kama 7 kati ya 100. Vinataka mtu wa ratiba. Viweke karibu na mswaki.

*Kondomu ya kiume.* Kama 13 kati ya 100, kwa sababu watu huiruka siku moja moja. Kumwaga nje, kama 20.

*Kunyonyesha.* Inafanya kazi vizuri sana, ila masharti yote matatu yawepo kwa pamoja: mtoto hajafika miezi 6, hedhi haijarudi, na ananyonya tu, usiku na mchana. Ukianza uji au maji, njia imekatika siku hiyo. Wengi hukwama hapa. Mama mkwe anakuja, mtoto anapewa maji kidogo "kiu isimuue", na mama anaendelea kuhesabu kwamba amekingwa. Kumbuka yai hutoka kabla ya hedhi ya kwanza, kwa hiyo unaweza kubeba mimba bila kuona damu hata mara moja tangu ujifungue.

*Kufunga kizazi*, kwa mama au kwa baba, ni kwa waliomaliza kabisa. Usikubali kwa hasira wala katikati ya uchungu.

Hatua ya 5: Uliza maudhi, na uyarudie kwa sauti

Usiinuke kwenye kiti kabla hujaulizia damu itakuwaje. Kijiti hubadilisha mpangilio: matone ya siku nyingi, au hedhi kupotea, hasa mwaka wa kwanza. Sindano huanza na matone, na baadaye kwa wengi hedhi hukauka. Kitanzi cha shaba huleta hedhi nzito na maumivu zaidi miezi 3 hadi 6 ya mwanzo, kisha hali hutulia. Vidonge huleta kichefuchefu na matone wiki za kwanza. Wengine huongezeka uzito, hasa kwa sindano.

Matone yakikuchosha, rudi kabla hujaamua kutoa. Zipo dawa za kutuliza, mara nyingi ni ibuprofen ya siku 5 tu, na ukiona haivumiliki tutabadilisha njia bila kukugombeza.

Yasiyovumiliwa nyumbani ni haya: kwa mtumiaji wa vidonge, kifua kubana, mguu mmoja kuvimba na kuuma, kichwa kuuma vikali na macho kupoteza nuru. Kwa mwenye kitanzi, homa na maumivu makali chini ya kitovu. Kwa mwenye kijiti, usaha au kidonda kuwaka moto. Njoo siku hiyo hiyo.

Hatua ya 6: Siku za kwanza

Ukianza kijiti, sindano au vidonge vya homoni mbili nje ya siku za mwanzo za hedhi, tumia kondomu siku 7. Kitanzi cha shaba kinakinga papo hapo. Kidonda cha kijiti kisiloe maji siku 4. Na kadi yako itunze kama cheti cha mtoto, yenye tarehe ya kuweka na tarehe ya kutoa.

Maswali ya wanachama

Nesi, nachoma sindano, huu mwezi wa tano sioni siku zangu. Damu inarundikana wapi? Nitapata uvimbe? (Mama wa wawili, Kahama)

Hairundikani popote, mdogo wangu. Damu ya hedhi ni ule utando wa ndani ya kizazi unaobomoka. Sindano inafanya utando usijengeke, kwa hiyo hakuna cha kutoka. Kama umekuwa ukirudi kwa tarehe, siyo mimba na siyo ugonjwa.

Shikamoo nesi. Nilichelewa sindano wiki mbili kwa sababu ya msiba kijijini. Wamesema nianze upya. (Nachingwea)

Marahaba, na pole kwa msiba. Depo huvumilia kuchelewa hadi wiki 4, unachoma tu na kuendelea. Ikizidi hapo ndipo tunahakikisha kwanza huna mimba, kisha kondomu siku 7.

Nimesahau vidonge viwili mfululizo. Nitupe pakiti?

Usitupe. Meza kimoja mara unapokumbuka na uendelee kama kawaida, hata ikibidi kumeza viwili siku moja. Ukisahau vitatu au zaidi vile vyeupe, meza kimoja sasa hivi na utumie kondomu siku 7. Ikiwa ni wiki ya tatu ya pakiti, ruka vile vya kahawia, anza pakiti mpya. Vile vya kahawia havina homoni, ukivisahau usiwe na hofu.

Nina kijiti na nimeanza dawa za TB. Kuna shida?

Asante kwa kuuliza, wengi hawaulizi. Ipo. Rifampicin, moja ya dawa za TB, hupunguza nguvu ya kijiti na ya vidonge. Usiache dawa za TB hata siku moja. Anza kondomu leo, nenda kliniki mjadiliane kuhusu sindano au kitanzi, ambavyo haviathiriwi. Kwa wanaotumia ARV: efavirenz nayo hupunguza nguvu ya kijiti, dolutegravir haina tatizo nacho.

Mimi ni mwanaume. Mke wangu ameweka kitanzi, nasikia kitu kinanichoma. Naogopa kusema.

Umefanya vizuri kusema, kaka. Ni nyuzi, siyo kitanzi chenyewe. Zikikatwa fupi sana huwa ngumu kama mswaki. Nendeni wote, nesi atazirekebisha kwa dakika chache. Msizivute wenyewe.

Nina miaka 20, natumia P2 karibu kila wiki. Nitakuwa tasa?

Hutakuwa tasa, mwanangu. P2, kile kidonge cha kumeza baada ya tendo, huchelewesha yai kutoka, na kama mimba imeshatunga haiitoi. Ni ya dharura: imeze mapema uwezavyo, ndani ya saa 72. Inaweza kusaidia hadi siku 5, ila nguvu inashuka kadiri unavyochelewa, na haikukingi kwa tendo la kesho. Ukiitumia kila wiki hedhi inavurugika, pesa inakwisha, na bado kinga yako ni ndogo kuliko ya njia ya kawaida unayoitumia mfululizo. Kutozaa bado hakukuzuii kupata kijiti. Akikuambia mtu "subiri uzae kwanza", omba kuonana na mwingine.

Nimefunga kizazi mimi baba, wiki ya tatu sasa, mke ananiambia tuko huru. Na je, nguvu zitapungua?

Bado hamko huru. Mbegu zilizobaki njiani huchukua muda kuisha, tumieni kondomu kwa miezi 3, kisha upime manii kama kituo chenu kina kipimo. Nguvu hazipungui: kilichofungwa ni mirija ya mbegu, korodani zinaendelea na kazi yake, na utamwaga kama zamani.

Nataka kutoa kijiti nizae. Nimezungushwa mara tatu, "mtaalamu hayupo".

Nimekasirika pamoja nawe. Kukitoa ni haki yako siku yoyote, hata kama muda wake haujaisha, na hudaiwi sababu. Uliza mtaalamu yupo siku gani na uandikiwe kwenye kadi. Ikishindikana omba rufaa ya maandishi kwenda kituo cha afya au hospitali ya wilaya. Usimpe mtu wa mtaani akuchane. Na uwe tayari mapema, kwa sababu kijiti kikitoka uzazi unarudi haraka. Anza kumeza foliki asidi, vitamini ya kujiandaa na mimba, sasa hivi.